Doa la Jicho la Kulia

Saa moja na nusu asubuhi, Mama Sindano ameshavuta meza hadi dirishani. Mbele yake, juu ya kipande cha sponji, amesimama mbwa mweupe wa sufu asiyezidi kimo cha kikombe. Hana doa hata moja bado, na mwenyewe anatarajiwa saa tano.

"Leo nikikosea tena, natafuta kazi nyingine," anasema, wala hatanii.

Anachomoa nyuzi chache za sufu ya kahawia, anazilaza juu ya jicho la mbwa na kuanza kuzichoma kwa sindano ndefu yenye vijino. Kila mchomo unazizamisha kidogo. Doa la ukubwa wa ukucha hula michomo kama mia nne. Sindano mbili tatu huvunjika kila wiki, na vidole vyake vimejaa ushahidi.

Jina la Mama Sindano alibandikwa na majirani. Watoto wa mtaani walimkimbia kwa miezi kadhaa wakidhani ni nesi.

Kazi hii aliianza miaka sita iliyopita, kiwanda cha masweta kilipofungwa, yeye na dada yake wakarudi nyumbani na mifuko miwili ya sufu. Dada huumba miili, yeye hutia rangi.

"Dada anatengeneza mbwa yeyote," anaeleza. "Mimi ndiye ninayemfanya awe mbwa wa mtu."

Mbwa wa leo alipaswa kwenda kwao mwezi uliopita. Aliagizwa na mwalimu mstaafu aliyefiwa na mbwa wake wa miaka kumi na moja. Mjukuu wake alituma picha kwa simu, na Mama Sindano akaifuata unywele kwa unywele: doa, jicho la kushoto. Hakujua kwamba picha ilipigwa kwenye kioo cha kabati, kisha kingo zikakatwa. Kushoto kulikuwa kulia.

Mzee alipokuja alimpakata mbwa, akamgeuza, akamweka kando yake. Kisha akasema kwa upole, "Huyu ni ndugu yake, mama. Siye."

Anakiri kwamba alitamani ardhi immeze. Rangi ikishachomwa haitoki. Dada alishauri wafunike kwa sufu nyeupe, lakini yeye alikataa, maana kahawia ingechungulia tu. Akamwomba mzee mwezi mmoja, wakaanza upya.

Saa tano kasoro dakika chache mzee anaingia, anaketi kwenye benchi na kupokea mbwa wake. Hamgeuzi safari hii. Anamweka kando, kushoto kwake, kisha anatazama mbele kama mtu anayepunga upepo barazani. Mama Sindano roho iko juu.

"Alikuwa anakaa hapa," mzee anasema. "Nikiinama, doa lilikuwa upande wangu. Yule wa kwanza nilimweka hivi hivi, nikaona weupe mtupu."

Anainama. Anagusa doa kwa ncha ya kidole.

"Yupo," anasema, na Mama Sindano anageukia dirishani kufuta macho.

Kuanzia sasa, anasema, hatashika sindano kabla ya kumuuliza mteja mnyama wake alizoea kukaa upande gani. Anataka pia kumfundisha binti wa dada yake, ambaye mkono wake ni mwepesi.

Na yule mbwa wa kwanza? Yuko mezani, kulia kwa Mama Sindano, doa likiwa upande wake. Wateja wawili wameshamuulizia.

"Hauzwi," anasema. "Nilimkosea mimi, basi atakaa na mimi."