Mbuzi Alikuwa wa Baba

Siku ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu, ni ile kaka yangu Mwadime aliporudi nyumbani kutoka Voi. Nilikuwa msichana bado, vita vya Wazungu vimekwisha juzijuzi. Kaka alikuwa amemtukana baba mbele ya watu, kisha akashuka mlima kwenda kufanya kazi ya reli. Na kwetu Taita, hasira ya mzazi haikuwa mchezo. Mtoto aliyekasirikiwa hakuingia nyumbani wala hakula chungu kimoja na wenzake.

Desturi ilikuwa mkosaji alete mbuzi wake mwenyewe. Mbuzi akishachinjwa, baba angetia pombe ya miwa kinywani, aipulize nje na kutamka kwamba hasira imetoka moyoni. Kwa Kidawida, lugha yetu, desturi hiyo tuliiita kutasa. Sasa kaka alikuja mikono mitupu, akasimama nje ya ua kichwa chini. Mama hakuthubutu hata kumwita.

Baba aliinuka. Akaenda zizini, akamfungua beberu wake mwenyewe, yule aliyemnenepesha kwa majani ya viazi, akamchinja pale pale. Akapuliza pombe, akasema, "Yamekwisha. Ingia ule."

Unajua yule mjinga alifanya nini? Aligeuka aondoke.

"Baba, huyo ni mbuzi wako," akasema. "Niache nirudi Voi nikatafute wangu."

Mama akaanza kulia. Baba naye akawa mkali, ukali ambao hakuwa nao hata siku ya matusi. "Mbuzi amekufa kwa ajili yako. Hasira nimeitema, umeona kwa macho yako. Ukileta mwingine, utakuwa unaniambia huyu amekufa bure. Mwadime, huniamini?"

Kaka akamgeukia baba. Kisha akaingia. Mama alipiga vigelegele mpaka majirani wa ng'ambo wakaja mbio, na baba, mzee yule mgumu, alicheza.

Kwa hiyo mwalimu wa kanisani alipotufundisha habari za msalaba, wenzangu waliuliza maswali mengi. Mimi nilikuwa nalia kwa furaha tu. Beberu wetu alikokotwa, maskini. Yesu alikuja kwa hiari yake, Mungu Baba akamtoa, akafa badala yetu. Na imani ya kaka haikumchinja mbuzi. Kazi ilikuwa imekwisha yeye akiwa bado nje. Alichofanya ni kumwamini baba na kuingia.

Nakuona unavyojitesa, mwanangu. Unataka kwanza uwe mtu mwema, ndipo umkaribie Mungu. Acha hayo. Aliyekufa badala yako amefufuka, kaburi ni tupu, na hakuna wa kukushtaki tena. Mwamini.

Mungu aliyekutolea Mwanawe akulinde, akupe usingizi usio na hofu, na siku ukifika mlangoni kwake, upite ukiimba.