Isale Juu ya Kabati

Harufu ya utomvu wa mparachichi uliokatwa sasa hivi ndiyo harufu ya mwaka nilioingia kidato cha kwanza. Bei ya kahawa ilikuwa imeanguka, na huku kwetu Uru watu walioapa kwamba mibuni ya babu haiguswi walikuwa wakiing'oa na kupanda chochote kinachouzika. Baba alichagua maparachichi. Bwana shamba akaja kihambani kwetu, shamba la ukoo linalozunguka nyumba, kutufundisha kubebesha: unakata kikonyo cha mti unaozaa vizuri, unakichonga, unakichomeka kwenye mpasuko wa mche wa kienyeji, kisha unafunga kwa nailoni. Kikonyo hicho, alituambia, Waingereza hukiita scion. Nililipenda neno hilo. Nililitamka peke yangu njia nzima nikienda kukata majani ya ng'ombe.

Shule yangu ilikuwa ya binafsi, mojawapo ya zile zilizoota kama uyoga mlimani miaka ile. Kwa ajili ya karo, maziwa ya ng'ombe wetu yaliteremka Moshi mjini kila asubuhi, nasi tukabaki na chai ya rangi. Siku moja mwalimu wa Kiingereza, mzaliwa wa huku huku mlimani, akaandika neno lilelile ubaoni na kuuliza maana yake. Mimi huyo, mkono juu! Nikasema ni kikonyo cha kubebeshea miti. Akacheka, na darasa zima likacheka naye. "Scion ni mtoto wa ukoo mkubwa," alisema. "Wewe unatuletea vijiti vya shambani?" Nikamwomba kwa adabu zote tutazame kwenye kamusi, huenda neno lina maana zote mbili. Kamusi ilikuwa mezani pake, nene, ya pekee shule nzima. Aliichukua, akaifungia kabatini, akatia ufunguo mfukoni. "Nenda nyumbani. Usirudi bila mzazi." Kuuliza si ujinga, ndivyo tulivyofundishwa, na aliyetufundisha ni yeye huyo huyo. Hadi leo nikikumbuka damu inanichemka.

Nilidhani baba ataenda kunitetea. Badala yake alichukua panga, akaenda mpakani mwa kihamba na kukata jani la isale. Kwetu Wachagga isale ni mmea wa mpaka, tena ni mmea wa msamaha: anayekuletea jani lake lililofungwa fundo amekiri kosa, na wewe huruhusiwi kumkatalia. "Baba, kosa gani?" nililia. Aliniita mama, kama kawaida yake, kwa kuwa nilirithi jina la mama yake. "Mama, najua hukukosea. Kile kikonyo nilikibebesha kwa mikono yangu mwenyewe. Lakini mkono usioweza kuukata, ubusu. Mimi nataka usome." Tukaenda. Baba, mwenye mvi, akavua kofia mlangoni na kusema, "Shikamoo, mwalimu," kwa mtu ambaye angeweza kuwa mdogo wake wa mwisho. Na yule bwana akaitikia marahaba bila hata kupepesa macho! Akalipokea isale na kulitupa juu ya kabati, juu ya kamusi ileile aliyoifungia. Nikarudi darasani. Muhula mzima nililitazama jani lile likikauka, na kamusi haikufunguliwa.

Leo miparachichi ya baba inazaa mpaka matawi yanategemezwa kwa miti. Kamusi ninayo ya kwangu, na maana zote mbili zimo, moja chini ya nyingine, wala hazigombani. Binti yangu hutafuta neno lolote kwenye simu kabla sijamaliza kulitamka. Hata hivyo juzi alirudi kutoka shuleni amenuna: alimsahihisha mwalimu, akasimamishwa nje ya darasa. Simu zimekuja, kiburi kimebaki palepale. Nilivaa viatu nikaenda shuleni siku ileile, mikono mitupu, na sikuondoka mpaka mtoto aliporudishwa darasani mbele ya macho yangu.

Baba alizikwa bila kuambiwa hata pole. Yule mwalimu amestaafu, anaishi chini kidogo ya kwetu, na baada ya Misa hupenda kuwaambia watu kwamba Kiingereza changu ni kazi yake. Namwamkia, maana ni mkubwa wangu. Lakini masale yamejaa mpakani kwake, na panga analo. Mimi bado nasubiri.