Mchicha wa Sifa

Mtaani kwetu kila mtu anamwita Mama Vikapu, hata watoto wake wa kuwazaa mwenyewe, hasa wakimkasirikia. Jina hilo halikutoka hewani. Ukipita mtaa wetu Alhamisi jioni utaona vikapu vitupu vimetundikwa kwenye vitasa vya milango, hapa kimoja, pale kimoja, kama vile mtaa mzima ulikubaliana kwenda sokoni halafu ukaghairi. Kikapu kikitundikwa, nyumba hiyo inataka chakula cha wiki. Kisipotundikwa, nyumba hiyo imejitoa, na hakuna kuulizana. Utaratibu huo aliutunga yeye. Anasema watu wa mtaa huu wana haya, hawawezi kukwambia usoni kwamba hawakutaki tena, lakini kitasa hakina haya.

Usiku ukiingia anavikusanya, Ijumaa anapanda gari la maziwa linalokwenda kilimani, anavijaza kwa familia tatu zinazolima huko juu. Jumamosi asubuhi unafungua mlango na kukuta kikapu chako kimejaa.

Sasa ngojeni, nisije nikamwaga mboga kabla ya kuwaeleza shamba. Mama huyu hakuanza na vikapu. Miaka mingi alikuwa mchambuzi wa nyanya kwenye ghala la dalali, pale nyuma ya soko kuu. Kazi yake ilikuwa kukaa juu ya ndoo iliyofunikwa, kutoa nyanya zilizooza na kuzipanga zilizo ngumu, zile zinazochumwa kijani ili zivumilie safari. Siku moja alikwenda kilimani kumsalimia wifi yake, dada wa mumewe, anayelima huko. Wifi akamchumia nyanya kwenye shina, yenye joto la jua bado. Mama akaila amesimama. Akauliza, "Hizi mnamuuzia nani?" Wifi akamtaja dalali. Yule yule.

Yaani nyanya za wifi zilikuwa zinapita jirani na mlango wake, zinakwenda sokoni, zinalala ghalani, zinahamia kwa mchuuzi, kisha zinarudi mtaani zimechoka kuliko aliyezilima. Na katikati ya safari hiyo yeye mwenyewe alikuwa amezishika! Alirudi mjini. Kesho yake akamuaga dalali, akajifunga kibwebwe, akaanza kugonga milango.

Kwa wakulima alitoa neno moja tu: "Kitakachotoka shambani, nitakichukua." Hakutaka kuwa kama dalali anayekuja akichagua, hiki nataka, kile tupa. Kwa neno hilo, familia tatu zikamkatalia dalali lori lake. Ya kwanza ilikuwa ya wifi. Ya pili ilikuwa ya Babu Polepole, anayelima na mkewe na wakwe zake, mzee ambaye ukimuuliza habari za asubuhi anakujibu mchana. Ya tatu ilikuwa ya mjane mmoja aitwaye Mama Kisima, kwa kuwa uani kwake ndipo palipo kisima.

Mambo yakaenda vizuri. Yalikwenda vizuri mno, na hapo ndipo shetani alipopitia.

Mwanzoni mwa msimu wakulima wote watatu walikuwa wamekaa kwa wifi wakipumzika. Mama Vikapu akashika fungu la mchicha wa wifi, akalinyanyua juu mbele za watu. "Jamani, mmeuona mchicha huu? Mtaa mzima unauimba! Wifi yangu, wewe unastahili kuolewa upya, na mimi ndiye nitakayekuoa!"

Wifi akacheka. "Kwanza mrudishie kaka yangu mahari, halafu tuzungumze ya kuolewa."

Watu wakacheka, chai ikanywewa, kila mtu akaenda kwake. Kumbe maneno hayakuishia pale. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mkulima yeye akisifiwa huongeza matuta. Na mkulima akimsikia mwenzake anasifiwa, huyalima hata matuta ya vitunguu.

Wiki ikaja ya mchicha mwingi kwenye vikapu. Ikaja nyingine. Mama alidhani ni msimu tu, nyanya zimepumzika, maana Ijumaa hizo alipakia kwa wifi alfajiri, mashamba bado yako gizani. Alhamisi akipita kukagua vitasa, alikuta vitatu vitupu. Alipofika barazani kwa fundi cherehani, tuliyembatiza Sindano kwa ajili ya kazi yake na kwa ajili ya ulimi wake, kikapu kilikuwa kimetundikwa, lakini mwenyewe alikuwa amesimama kando yake kama mlinzi.

"Mama Vikapu, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Nikuulize. Sisi ni watu au sungura?"

Wanawake waliokuwa wakisubiri nguo zao wakaangua kicheko.

"Ni watu, mwanangu. Kwani vipi?"

"Jana mume wangu kaniuliza kama nimemroga, maana kila akifunua sufuria ni kijani. Mwanangu mdogo akiona kikapu chako analia. Mimi nakupenda, Mungu anajua. Lakini Jumamosi hii nikikuta mchicha mtupu, Alhamisi usikitafute kikapu changu kwenye kitasa."

Hakuna aliyecheka tena. Baraza la Sindano ndiyo redio ya mtaa. Sindano akijitoa, mtaa unajitoa. Na mtaa ukijitoa, wale wa kilimani watauza wapi, nao walishamfukuza dalali kwa ajili ya neno la mwanamke mmoja?

"Nimekusikia," akasema Mama Vikapu, akakitungua kikapu.

Ijumaa hiyo gari la maziwa lilichelewa, na lilipopinda kona ya mwisho ya kilima jua limeshapanda, dereva akapunguza mwendo akapiga mluzi. "Mama, hawa watu wako wamefungua kiwanda cha rangi ya kijani?"

Shamba la wifi, mchicha. Ukivuka mfereji, kwa Babu Polepole, mchicha, umefika mpaka kwenye ngazi ya mlango. Kwa Mama Kisima, pale palipokuwa na nyanya na vitunguu, mchicha umesimama kiunoni, mnene, mzuri, unameta kama umepakwa mafuta. Na barabarani lilikuwa limeegeshwa lori la dalali.

Dalali alikuwa uani kwa wifi, amepewa kiti. Wale wakulima wote walikuwepo, macho chini. Alikuwa mtu wa adabu, hakuwahi kupaza sauti. Alisimama kumsalimia.

"Mchambuzi wangu! Ghala limepwaya tangu uondoke."

"Nashukuru, bosi. Naona umepotea njia."

"Sikupotea. Nimesikia kuna mchicha umekosa pa kwenda. Nimewaambia hawa ndugu, leo nauchukua wote, hata ule wa njiani. Lakini kuanzia leo kila kinachotoka hapa kinapita kwangu. Nyanya, vitunguu, kila kitu. Siwezi kuwa wa kuokoa siku ya mvua tu."

Mama akamgeukia Mama Kisima. "Mwenzangu, vitunguu vyako viko wapi?"

Mama Kisima akavuta kitenge mabegani. "Niling'oa."

"Kwa nini?"

"Si wewe ulisema mtaa unauimba mchicha? Nikasema, na mimi waniimbe."

Babu Polepole akakohoa. Wote wakamngoja, kama ilivyo desturi. "Mimi," akasema hatimaye, "mke wangu aliniambia, unaona mwenzio anavyosifiwa, wewe umelala."

Mama akakaa kwenye kizingiti. Angeweza kuwalaumu, lakini alijua nani alilinyanyua lile fungu. "Kosa ni langu," akasema. "Nilimsifu mmoja mbele ya wote. Lakini neno langu liko pale pale. Bosi, naomba unisubiri. Gari la maziwa linamaliza mzunguko wake juu, litakaposhuka nitakuwa na jibu."

"Sina haraka," akasema dalali. Na kweli hakuwa na haraka. Anayejua kwamba umenasa hahitaji kukimbia.

Mama akaingia jikoni kunywa maji. Maji yenyewe yakamshinda, akatoka kwa mlango wa nyuma ayamwage. Akabaki ameinua kikombe.

Nyuma ya jiko la wifi, pale panapomwagwa maji ya kuoshea vyombo, nyanya zimejiotea zenyewe, ndogondogo, nyekundu, zimejilaza chini kwa uzito. Boga limepanda juu ya ukuta. Mlimao umeinama. Kuna viazi vitamu, kuna maharage mabichi yamejisokota kwenye mahindi, kuna mkungu wa ndizi umeanza kuliwa na ndege.

"Wifi! Njoo hapa! Hivi ni nini?"

Wifi akaja anakimbia akidhani ni nyoka. "Hivi? Si vyakula."

"Najua ni vyakula. Mbona hujawahi kunipa?"

"Nikupe upeleke wapi? Hivyo si vya kuuza. Hivyo ni vya kula."

Hapo Mama Vikapu akaanza kucheka, na wifi akaogopa kuliko kama angekuta nyoka.

"Na wenzako wanavyo?"

"Nani asiye na kiwanja cha nyuma ya jiko? Kwani sisi tunakula mchicha kila siku? Tungekuwa wazimu."

"Mnavimaliza?"

"Vinatushinda. Boga moja tunakula, mawili anakula ng'ombe."

Mama akarudi uani na moja ya nyanya zile ndogo mkononi. "Ndugu zangu, nataka mnachokula nyinyi. Chakula chenu wenyewe msikiguse. Kile kinachowashinda, kinachokwenda kwa ng'ombe, ndicho nataka kwenye vikapu. Na mchicha uliokomaa nauchukua wote, kama nilivyosema."

Mama Kisima akaruka kama ameungua. "Sitoi! Boga langu lina kigongo. Viazi vyangu vimepinda. Unataka nikachekwe mjini? Mgeni humpi kilichopinda."

"Mimi nimechambua nyanya zilizonyooka mpaka vidole vikakakamaa. Zote zimefanana kama askari kwenye gwaride, na hakuna hata moja niliyotamani kuila. Uliponipa chai mara ya mwisho ulinipa na kiazi. Kilinyooka?"

"Hakikunyooka."

"Nilikiacha?"

"Ulikula mpaka maganda," akasema Mama Kisima, na kicheko kikamponyoka kabla hajakizuia.

Dalali akainuka taratibu, akajipangusa suruali. "Mama, hivyo vya nyuma ya jiko utampa nani?"

"Watu, bosi. Wenye jiko."

Dalali akawatazama wakulima mmoja mmoja. Babu Polepole akafungua kinywa, na wote, dalali pamoja nao, wakangoja. "Lori lako," akasema mzee, "limeziba njia ya mke wangu kupita na maboga."

Gari la maziwa liliposhuka, dereva alikuta lori la dalali limeondoka na vikapu vimepangwa mpaka barabarani. "Na maziwa yangu nitayaweka wapi, mapajani?" Lakini alishuka mwenyewe kupakia. Kila kikapu kiliwekwa fungu moja tu la mchicha, juu kabisa, kama kilemba. Mchicha uliobaki Mama aliuchukua vilevile, hakuacha jani. Wakaupeleka kwa ng'ombe wa huyo huyo dereva, ng'ombe wakaula siku kadhaa, na dereva anaapa hadi leo kwamba chai ilibadilika rangi. Msimsadiki sana.

Jumamosi asubuhi Mama alikipeleka kikapu cha Sindano kwa mkono wake, hakukiacha mlangoni. Baraza lilikuwa limejaa. Sindano akaona ule mchicha wa juu, akakunja uso. Akautoa. Akakuta malimau. Akakuta maharage. Mwisho akaliinua lile boga la Mama Kisima kwa mikono miwili, akaligeuza huku na huku, akalipima kwa jicho la kazi yake.

"Nani kalishona hili? Bega moja liko juu, jingine liko chini."

Baraza likavunjika mbavu. Mama Vikapu hakucheka. "Aliyelilima alikuwa analiona haya, akataka kumpa ng'ombe. Ni chakula cha nyumbani kwake, anachowapikia watoto wake. Nimemwambia utakula."

Sindano akalishusha chini. Akarudi kwenye cherehani, akakanyaga.

Basi fikirini wiki aliyoipitisha mama wa watu. Kilimani alipanda kukubaliana upya na wakulima nani apande nini, na hapo alianza tabia aliyonayo mpaka sasa. Hamsifu mtu hadharani. Anamvuta pembeni, anamnong'oneza sikioni kana kwamba anampa siri ya ndoa, halafu anakwenda kumnong'oneza na wa pili. Lakini alijua kilimo cha mnong'ono hakina maana kama vitasa ni vitupu.

Alhamisi jioni akapiga moyo konde, akaanzia mwisho wa mtaa. Mlango wa kwanza, kikapu. Wa pili, kitasa kitupu. Akapita. Wa tatu, kikapu. Wawili wa wale watatu waliojitoa walikuwa wamerudi, mmoja hakurudi, na mpaka leo hajarudi, anasema anapenda nyanya zake ziwe ngumu. Akakata kona.

Kwenye mlango wa Sindano kikapu kilikuwa kinaning'inia. Ndani yake kulikuwa na kipande cha kitambaa cheupe kimeshonwa kingo vizuri, cha kufunikia mboga zisipigwe na jua.

Alipokuwa anakitungua, dirisha likafunguka juu yake.

"Mama Vikapu!"

"Naam, mwanangu."

"Mwambie yule mwenye boga asiniletee lililonyooka. Mwanangu mdogo anataka lenye kigongo."

Dirisha likafungwa. Mama Vikapu akakitia kikapu kwenye mkono, juu ya vile vingine, akaenda mlango unaofuata.