Shemeji Alipiga Video ya Pazia Mama Yangu Akininasihi

Admin, jina langu lifiche, maana huku Same tunajuana hadi kwa mwendo. Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, nina watoto watatu, na binti yangu anaolewa mwezi ujao. Ningekuwa na furaha kama si shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, anayejiita Dairekta.

Niliolewa miaka ya ruksa, pale bidhaa za nje zilipoanza kumwagika madukani baada ya miaka ya kupanga foleni ya sabuni. Shemeji akajipatia kamera ya video iliyotumika kutoka kwa mtu aliyetoka Dubai. Weee! Akanunua na fulana ya mifuko mingi, akaacha kusalimia watu vizuri. Mtu ambaye hata redio ya betri ilikuwa inamsumbua, ghafla akawa mtaalamu wa picha kuanzia Hedaru mpaka Kihurio.

Mama yangu alikuwa mkulima wa tangawizi huko juu milimani, Mlutheri wa kweli kweli. Hakuipenda ndoa yangu mwanzoni. Alitaka niolewe na kijana wa usharika wetu, si mtoto wa manamba aliyekulia kwenye kambi ya mashamba ya mkonge. Lakini siku ya harusi alishuka mlimani na mkungu wa ndizi, akasimama ukumbini, akatunasihi kwa Chasu, Kipare chetu, na Kiswahili mpaka watu wakafuta machozi. Nilijua amenisamehe.

Mkanda wa harusi aliopiga shemeji ulichelewa sana, eti unawekewa muziki Moshi. Mama akaugua, akafariki kabla haujafika. Ulipofika nilikimbilia kwa jirani mwenye deki ya video ili nimwone mama yangu anavyoongea. Nikaona pazia. Pazia jeupe la ukumbini, limetulia, na juu yake muziki wa dansi umefunika kila sauti. Kisha ghafla tunakata keki.

Nilimuuliza shemeji mama yuko wapi. Akaniangalia kwa huruma, akasema, "Shemeji, sikutaka kukuumiza. Mama yako alinikataza. Alisema hataki sura yake ionekane kwenye harusi hii."

Nilimwamini. Kwa nini nisimwamini? Mama alikuwa ameipinga ndoa, na aliyekufa haulizwi. Nikaamini maneno yake ukumbini yalikuwa ya kutimiza wajibu mbele za watu. Nimeishi na hilo donge tangu ujana wangu. Wenzangu wakisimulia mama zao, mimi naenda jikoni. Wanangu wakiniuliza bibi alikuwaje, nawaonyesha picha yake moja ya ujana, amekaza uso, basi.

Sasa sikieni. Wiki iliyopita kamati ya harusi ya binti yangu ilikaa kwangu. Kijana wangu mkubwa naye anapiga video, akasema kamera yake imepata pikseli mbovu, ile nukta nyeupe inayong'ang'ania sehemu moja ya picha. Akaeleza kwamba siku hizi unafunika lenzi, kamera inaitafuta nukta na kuificha yenyewe.

Dairekta akacheka. "Nyie mnadekezwa. Yangu ilikuwa na nukta hapo kulia, ikipata joto la Same inawaka kama taa. Dawa yake akili tu! Unaelekeza kwenye kitu cheupe, haionekani. Bibi yako siku ile alivaa nguo nyeusi, nukta ingemkaa kifuani. Nikageuzia pazia."

Watu wakacheka. Mimi nimeshika sinia la chai.

Mwanangu akauliza, "Lakini baba mkubwa, si ungesogeza kamera kidogo tu? Nukta ingehamia pembeni, bibi akabaki."

"Stendi nilikuwa nimeshaikaza," akajibu, "halafu nilikuwa na sahani ya pilau mkononi."

Pilau, jamani! Mbaazi ukikosa maua husingizia jua, na huyu akamsingizia marehemu. Nikamwambia, "Shemeji, wewe uliniambia mama alikataa." Hata aibu hakuona. Akasema, "Ningekuambia kamera mbovu, nani angenipa kazi tena? Halafu nyie Wapare bwana, kesi ya kuku mnauza ng'ombe."

Nilimwambia mbele ya kamati yote kwamba hajawahi kuwa mpiga picha, ni mla pilau aliyening'iniza kamera shingoni, na kwamba kwenye harusi ya mwanangu hatashika hata tochi. Akatoka amevimba.

Sasa ukoo wa mume wangu umekaa kikao. Wanataka niende kwake nipige magoti niombe radhi, la sivyo hakuna atakayetokea harusini. Mume wangu ananibembeleza, "Mama watoto, yaliyopita si ndwele. Ilikuwa nukta tu." Binti yangu analia, anasema, "Mama, omba tu yaishe, nani atanisindikiza upande wa baba?"

Ningeweza kumsamehe ujinga wa kamera. Lakini mtu huyu alikaa kwenye matanga ya mama yangu, akala, kisha akaninyang'anya baraka zake ili asionekane ana kamera mbovu. Nukta ile ingekaa hata katikati ya paji la uso wa mama, ningeitazama hivyo hivyo mpaka leo, na wanangu wangejua bibi yao alikuwa anachekaje.

Jibu wanalitaka Jumapili baada ya ibada. Nikipiga magoti, nitakuwa naomba radhi kwa kumtetea mama yangu. Nisipopiga, mwanangu ataolewa viti vya upande wa baba vikiwa vitupu. Ninyi mngekuwa mimi, magoti hayo mngeyapiga? Nishaurini, ndugu zangu.