Mkebe Uliokosa Mnunuzi

Sisi wachache tunaokusanya sarafu za zamani huku Njombe, tukikutana hatukosi kubishana juu ya jambo moja: je, ina faida kungoja mnada uishe, ndipo ununue kile kilichokosa mnunuzi? Wengi husema ndiyo, kwa kuwa muuzaji amechoka na bei imelala. Mimi nilikuwa msemaji mkuu wa upande huo. Siku hizi ninajibu kwa uangalifu zaidi, na sababu yake ni kondoo.

Nieleze kwa utaratibu.

Mchana mimi ni karani, napima magome ya miwati kwenye mizani. Jioni, baada ya chakula, natoa ubao wangu wa sarafu za Mjerumani. Niliuchonga mwenyewe, kila sarafu na kishimo chake cha kuitosha. Majina na miaka nilijifunza katika kitabu kisicho na jalada, nikisaidiwa na kamusi. Vishimo vyote vilikuwa vimejaa isipokuwa kimoja, cha hela ishirini ya Tabora. Sarafu hiyo ilipigwa wakati wa vita ya kwanza, Mjerumani alipofungiwa bahari na fedha zikamwishia. Ni kipande cha shaba kilichotengenezwa kwa haraka, chenye taji upande mmoja na herufi T chini ya taji. Kwa uzuri hakikishindi kifungo cha koti. Mke wangu hata aliwahi kutia kifungo cha koti katika kile kishimo, akaniambia, "Baba watoto, sasa umetimiza. Lala." Nilikitoa, nikamrudishia. Pengo ni pengo.

Njia yangu ya kununua mabaki ilikuwa imenifaa mara mbili. Mzungu mmoja mwenye shamba alipohama, vitu vyake vilinadiwa, na bahasha ya sarafu haikupata mtu. Nilingoja viti na masufuria viondoke, nikaichukua kwa bei ya sabuni, na ndani mlikuwa na rupia safi kabisa. Mara ya pili nilipata robo rupia mbili. Basi nikajiona nimegundua kanuni.

Mke wangu kwao ni Lyamkena, pale Makambako, na kila mwaka twende tusiende kwingine, lazima twende sikukuu ya mavuno katika usharika wa kwao. Watu huleta madhabahuni walichovuna: mahindi, maharage, maboga, kuku, mayai. Baada ya ibada vyote hutolewa uwanjani vikanadiwa, na fedha huwa ya kanisa. Mtu akitaka kuongeza baraka, akishanunua husema, "Narudisha mnadani," na kitu kile kinauzwa tena. Nimewahi kuona tetea mmoja akiuzwa mara nne kabla ya saa nane mchana, akachoka kuliko mhubiri.

Mwaka huo niliwahi kufika, nikapita polepole mbele ya zile sadaka kama mtu anayesali. Kando ya maboga palikuwa na mkebe wa majani ya chai. Nilichungulia. Ulijaa sarafu za Mjerumani. Nilielewa mara moja zilikotoka: watu walikuwa wakizitumbukiza katika kapu la sadaka miaka yote hiyo, maana dukani hazipokelewi na Mungu harudishi chenji. Nikatikisa kidogo. Katikati ya hela zilizopauka, taji likajitokeza, na chini yake T.

Sikumbuki mahubiri yalihusu nini.

Mnadi alikuwa mzee wa kanisa, baba mdogo wa mke wangu, mwenye sauti isiyoshindwa na upepo wa Makambako. Aliuza maboga, akauza kuku, akauza mayai. Alipoinua mkebe, nilitazama mawingu.

"Hela za Mjerumani! Shilingi moja! Nani ana shilingi moja?"

"Mjerumani mwenyewe!" mtu akapaza sauti, uwanja ukacheka.

"Thumni basi!"

Kimya. Nilijikaza nisiinue hata kidole kujikuna pua. Mzee akauweka mkebe chini, karibu na kondoo dume mkubwa aliyefungwa kwenye mti. Naye alinadiwa. Kwa shilingi kumi, kimya. Kwa nane, kimya. Watu walimtazama yule kondoo kama watazamavyo mvua ya mawe. Mimi moyoni nikawahurumia kwa kutojua bei za mifugo.

Mnada ulipofungwa, nilimwendea mzee nikiwa na heshima zote.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mkwe. Umenunua nini?"

"Bado, baba. Ule mkebe uliobaki, ningeweza kuwasaidia kuuondoa."

Wakati huohuo nyuma yangu mtu akakohoa. Alikuwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, fundi wa kuziba masufuria na vibatari.

"Kumbe na wewe shemeji unawinda makombo!" akasema. "Mimi naitaka ile shaba. Ina viraka vya masufuria ya mwaka mzima."

Niliona taji langu limeyeyuka, limeziba tundu chini ya sufuria ya ugali ya mtu wa Lyamkena.

"Nimetangulia," nikasema upesi. "Baba ni shahidi."

"Ametangulia," mzee akakubali. "Lakini mkwe, huku kwetu mabaki hayachambuliwi. Sadaka ni sadaka. Kilichobaki ni fungu moja: mkebe na kondoo. Shilingi sita."

Mkebe na kondoo dume kwa shilingi sita! Nilimtazama shemeji kwa huruma. Naye akarudi nyuma hatua kadhaa, akafunga mikono kifuani, akatabasamu.

"Chukua, shemeji," akasema. "Chukua vyote. Mimi namjua huyo kondoo."

Nililipa. Na hapa nieleze jambo ambalo kila mtu uwanjani alilijua isipokuwa mgeni kutoka Njombe. Kondoo yule hakuwa na ubaya wowote kwa mtu aliyesimama wima. Kosa alilolichukia ni mtu kuinama. Mwenye kondoo alikuwa amemtoa sadaka mwaka wa tatu mfululizo, na kila aliyemnunua alimrudisha kwake.

Mimi niliinama kuchukua mkebe.

Nitasema tu kwamba nilianguka mbele, kwa uso, na kwamba mkebe ulifunguka. Sarafu kadhaa zikatawanyika kwenye majani. Niliinuka, nikaona taji lile karibu na kwato zake, nikainama tena. Nilianguka tena.

"Inama kwa upande, shemeji!" shemeji akaelekeza. "Usimwonyeshe makalio!"

"Msalimie kwanza! Mwambie kamwene!" mama mmoja akaongeza.

Mara ya tatu nilitambaa kwa magoti, koti likiwa limeshapoteza kifungo, nikaikamata ile sarafu na kuirudisha mkebeni, nikaukumbatia mkebe kifuani. Kondoo akarudi nyuma kupata nafasi. Hapo nikapiga kelele neno la kwanza lililonijia, ambalo kwa bahati mbaya lilikuwa neno la desturi:

"Namrudisha! Narudisha mnadani!"

Uwanja mzima ukapiga makofi. Mzee akaja, akamvuta kondoo kwa kamba, kisha akanyoosha mkono kwa upole na kuushika mkebe.

"Huu ni wangu, baba," nikasema. "Nimerudisha kondoo tu."

"Mkwe, vilitoka pamoja, vitarudi pamoja. Kilichouzwa fungu moja hakirudi vipande."

"Lakini baba..."

"Ungependa nilichambue neno la sadaka mbele ya watu hawa?"

Sikupenda. Lakini vidole vyangu havikuachia mkebe mara moja. Mzee alivuta, mimi nikavuta kidogo, na kosa langu kubwa la siku hiyo, kubwa kuliko kuinama, lilikuwa huko kuvuta. Watu waliliona.

"Ngojeni," shemeji akasema, safari hii bila kucheka. "Mtu anapigwa na kondoo mara mbili, suruali inachanika, na mkebe hauachi? Mle ndani mna dhahabu."

"Dhahabu!" ikapita kutoka mdomo hadi mdomo. Waliokuwa wameanza kwenda nyumbani na maboga yao kichwani wakageuka.

"Hakuna dhahabu," nikasema kwa sauti ya mizani. "Ni shaba."

"Karani hasemi uongo," mtu akasema, "ila leo."

Mzee akapanda juu ya kigogo. "Fungu moja! Mkebe na kondoo!"

Shilingi saba, akasema shemeji. Mwenye duka akasema nane. Mwenye kondoo mwenyewe, aliyemtoa sadaka asubuhi ili asimwone tena, akasema kumi. Mimi nikasema kumi na moja, na kila nilipoongeza nilizidi kuwathibitishia dhahabu. Mke wangu alikuja akasimama kando yangu. Alijua fedha niliyobaki nayo ilikuwa ya koti jipya. Alitazama koti nililovaa, akatazama mkebe.

"Ni ile ya pengo?" akaninong'oneza.

"Ni yenyewe."

Akashusha pumzi, akapaza sauti kwa kaka yake: "We! Ukiongeza tena, masufuria ya mama nitapeleka kwa fundi wa Njombe!"

Shemeji akafunga mdomo. Wengine walifika kumi na tisa, mimi nikafunga kwa ishirini. Mkebe ambao mwanzoni ningeupata kwa thumni, kwa kuinua mkono tu, niliulipia mara mbili katika siku moja, na juu yake nikapewa kondoo.

Kwa hiyo, kwa wanaoniuliza: mabaki ya mnada yanaweza kuwa na faida, ikiwa watu wamenyamaza kwa kutojua. Wakinyamaza kwa kujua, ulizeni kwanza wanajua nini. Na kama kitu mnakitaka kiasi cha kupigana na kondoo, inueni mkono mapema kama watu wengine.

Kondoo tulimwacha kwa wakwe, ambako watu sasa hufagia uwanja wakiwa wamechuchumaa. Usiku ule ule tulipofika Njombe niliitia hela ya Tabora katika kishimo chake, ikakaa sawasawa. Mke wangu aliutazama ubao. Akaenda kabatini, akatoa kile kifungo alichowahi kuzibia pengo, akaanza kukishona kwenye koti langu la zamani.