Fungate ya Bamia

Ijulikane kwa wote wanaohusika, kuanzia wakulima wa Makurunge hadi mabwana shamba wa serikali wenye kaptula zilizopigwa pasi, kwamba kilimo cha ustadi hapa Bagamoyo kilianzishwa mwaka 1934 na Bi Miza, mke wa Nasser muuza vitambaa, katika ua usiozidi upana wa mikeka minne. Mimea iliyosalimika: miwili. Watoto waliosalimika: mmoja, na huyo naye nusura achukuliwe.

Aliyetaka kumchukua ni Bi Thuraya wa Zinga, mama mkwe mwenye minazi mingi na kauli zisizopingika. Alikwisha kulea wajukuu wawili shambani kwake, wakakua wakaondoka. Sasa zamu ilikuwa ya Ashura, binti wa pekee wa Miza, miaka sita, jino moja pengo.

"Mtoto wa mjini huyu anadhani bamia zinaota kikapuni," alisema Bi Thuraya.

Nasser, simba wa dukani kwake, mbele ya mama yake alikuwa kondoo. "Mama amesema, Miza."

Miza naye, tuambizane ukweli, alidhani zinaota kikapuni. Lakini alimwona Ashura kajibanza nyuma ya mlango, akajikuta anasema, "Mtoto atajifunza hapahapa, Mama. Nitalima."

Bi Thuraya akacheka mpaka kanga ikamteleza begani. "Haya! Mwisho wa masika nakuja. Ashura anichumie bamia za ua huu kwa mkono wake, unipikie. Zikikosekana, nafunga mzigo wake."

Miza akalima kwa ujuzi pekee aliokuwa nao, wa kulea. Mbegu alizimwagilia maji ya vuguvugu zisipate mafua. Akazifukizia udi. Jirani yake, Mwanamkasi, akichungulia juu ya ukuta alimkuta ameinama anaimba.

"We Miza, unalima au unabembeleza?"

"Vyote viwili. Niache."

"Basi zivalishe na nepi!"

Ashura kila asubuhi alizifukua mbegu kuona kama zimeamka, kisha akazilaza tena. Ajabu ni kwamba ziliota, tena zikaota nyingi. Mtoto akazipa zote majina: huyu mwenye nguvu, huyu mchokozi, huyu anadeka. Miza akasahau mtihani wa mama mkwe. Asubuhi nzima mama na mwana wakikaa mavumbini, wanapika udongo kwenye vifuu vya nazi na kuwakaribisha mabamia chakula. Mpaka leo akisikia harufu ya udongo ulioloa, Miza hukumbuka pengo la lile jino.

Mabamia yalipoanza kuzaa, Ashura akatangaza harusi. Mimea miwili iliyosimama pembeni ikaozeshwa kwa vipande vya kitambaa kutoka dukani, bibi harusi akafunikwa ushungi mwekundu. Kisha maharusi wakaingizwa fungate kama wanadamu: tenga kubwa likafunikwa juu yao, jiwe likawekwa juu ya tenga, na amri ikatolewa kwamba hakuna kufunua mpaka siku saba ziishe.

Siku ya tatu mbuzi wa Mwanamkasi akaingia uani. Alipotoka, ua ulikuwa umefagiwa. Kilichobaki ni kilichokuwa chini ya tenga.

Siku ya tano Bi Thuraya akafika, na kikapu kitupu cha kubebea nguo za mtoto.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Shamba liko wapi?"

Miza akaelekeza kidole kwenye tenga. Bi Thuraya akatazama ua, akatazama tenga, akaketi. "Ashura, mjukuu wangu, nichumie."

"Sithubutu, Bibi. Wamo fungate. Bado siku mbili."

Nasser akakumbuka kwamba kuna mteja dukani.

Miza alijua neno moja lingetosha. Amwambie mtoto, "Acha upuuzi, chuma!" na Ashura angechuma huku analia, na mambo yangekwisha. Alifungua kinywa. Kikatoka kitu kingine: "Kweli, Mama. Maharusi hawatolewi kabla ya siku zao."

Bi Thuraya akasimama. Miza akaona mwisho wa dunia ukija na kanga ya kisutu. Yule bibi akainama, akachungulia matundu ya tenga kwa muda mrefu.

"Nani kamfunga huyu ushungi?"

"Mimi," alisema Ashura.

"Hivi ndivyo unavyofungwa? Kama bandeji? Toa jiwe." Akalifunua tenga mwenyewe, akapiga magoti mavumbini na nguo zake za safari, akaufungua ushungi, akaufunga upya, taratibu, kwa vidole vilivyokwisha kupamba mabibi harusi wa Zinga nzima. "Na kungwi wake nani?"

"Hana."

"Hana! Harusi gani hii, ya wahuni? Basi kungwi ni mimi." Na sauti yake ikaanza kuimba, kwanza kwa aibu, kisha kwa nguvu, mpaka Mwanamkasi akapiga kigelegele huko juu ya ukuta. Miza akagundua kwamba tangu wale wajukuu wawili waondoke, pengine hakuna aliyemwita bibi huyu kwenye mchezo.

Wimbo ulipokwisha, kungwi akatoa hukumu: "Bibi harusi ameiva. Fungate imekwisha leo." Ashura, kwa kuwa kungwi hapingwi, akachuma bamia zote tisa, Miza akazipika.

Bi Thuraya akala peke yake, akatafuna sana, akanywa maji, akasema, "Mtoto abaki." Akakaa siku kumi, na kila masika akarudi, mpaka alipofariki.

Juzi Ashura alikuja na binti yake mwenyewe mgongoni. Akauliza, machozi yakimlengalenga, "Mama, siku ile Bibi alionja nini kwenye zile bamia? Mapenzi yako, siyo?"

"Zilikuwa zimekomaa," alisema Miza. "Alionja nyuzi."