Bakuli la Minza

Sikulazimishi uamini, lakini mama yangu yupo hai hapa Bariadi, na bakuli lenyewe nimelishika kwa mikono yangu. Tena ilikuwa mchana kweupe, na akili zangu timamu.

Tulikuwa Dar es Salaam, mama amelazwa. Daktari alisema wazi kwamba asipokula, hawezi kumfanyia upasuaji. Na mama hali. Watu husema Dar hukosi chakula, na ni kweli. Niliuzunguka mji nikimtafutia. Nilileta biriani ya Kisutu, mishikaki ya Upanga, supu ya Wachina yenye uyoga. Alifungua, akatazama, akafunga. Siku ya piza aliniuliza, "Mwanangu, hiki ni chakula au kigae?" Wagonjwa wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, maana mkono wake ulishabaki mfupa.

Mchana huo nikakatiza uchochoro nyuma ya hospitali. Kando ya ukuta mwanamke alikuwa akipika peke yake, chungu kimoja tu. Harufu ikanisimamisha. Niambie, nani anachemsha michembe katikati ya Dar? Vile viazi vitamu vya kukausha, na karanga zake, vya kwetu kabisa!

"Mwadila," akanisalimia Kisukuma kabla sijafungua kinywa. "Mama yako hajala bado?"

"Hajala, mayu," nikamjibu, nikimwita mama kwa Kisukuma. Niamini, hata sikujiuliza amejuaje.

Akajaza bakuli la bati lenye maua mekundu, akalifunika kwa jani la mgomba. "Mfuniko wake uko nyumbani, Lagangabilili. Mwambie Minza kasema ale." Nilitoa hela, akazikataa.

Mama akala mpaka akakwangua. Ndipo nikamtajia jina. Akalikumbatia bakuli, akalia bila sauti. Minza alikuwa rafiki yake wa usichana. Alikwenda Dar kutibiwa kabla mimi sijazaliwa, akafia huko, akazikwa huko.

Kesho yake nilirudi uchochoroni. Hapakuwa na mafiga wala jivu. Mlinzi akanishangaa. "Apike hapa nani, kaka? Hapa hata chai hawaruhusu."

Mama alifanyiwa upasuaji, akapona. Tulipofika nyumbani, kazi yake ya kwanza ilikuwa kuchemsha michembe. "Nitarudishaje bakuli la watu tupu?" akaniambia. Tukalipeleka Lagangabilili kwa kaka yake Minza. Mzee alilipokea, akalitazama sana, akaingia ndani. Alitoka na mfuniko wa maua mekundu.

"Asubuhi ile ya kwenda Dar alikuwa anawahi basi," akasema. "Akausahau."

Akalifunika bakuli. Mfuniko ukakaa sawasawa.

Bakuli liko kwa mzee huyo hadi leo, na kila msimu mama hupeleka michembe ya kwanza. Mimi Dar naenda bado, nakula ninapotaka, ila uchochoro ule nikiupita navua kofia.

Nawe ukienda mji mkubwa, kula popote. Lakini akikupa chakula mtu aliyeijua njaa ya mgonjwa wako kabla hujaitaja, pokea kwa mikono miwili. Na bakuli lake usilitupe huko. Kuna nyumba linakosubiriwa.